Naombeni ushauri wapendwa: nimekwama kwenye "utusamehe deni zetu"

Dada Mkubwa wa Nyumba (mwanzisha uzi)

Shalom wapendwa. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimeshindwa.

Miaka miwili iliyopita kaka yangu aliniomba nimdhamini mkopo wa kuanzishia biashara. Huyu ni kaka aliyeacha shule ili mimi nisome. Sikusoma hata masharti, nikaweka sahihi. Biashara ikafa kabla ya mwaka kuisha, akaacha kurejesha, mkopeshaji akanigeukia mimi. Sasa nakatwa kila mwezi. Kwa hesabu zangu, kilichobaki ni mishahara yangu minne mizima, bila kutoa hata senti ya matumizi.

Pesa inauma, lakini kinachoniumiza zaidi ni kwamba hajawahi kuniambia neno. Hajasema pole, hajasema "dada nimekwama". Nikipiga hapokei. Tulikutana msibani, akanipa mkono kama anavyompa mgeni, kisha akaenda kukaa upande wa pili.

Sasa kilichonileta. Kila usiku nasali Sala ya Bwana na binti yangu wa miaka saba, mimi nasema mstari, yeye anafuatisha. Wiki iliyopita nilitoka kwenye riziki nikaenda moja kwa moja kwenye "usitutie majaribuni". Akafumbua macho: "Mama, umeruka." Nikamwambia nimechoka. Usiku uliofuata nikaruka tena. Safari hii hakusema kitu. Aliutamka mstari mwenyewe, polepole, huku ananitazama.

Mama yetu anasema nisamehe yaishe. Kwenye kikundi cha maombi nimeambiwa kwamba kudai ni ushahidi wa kutosamehe. Naombeni mnisaidie: Mkristo anamsameheje mtu ambaye deni lake bado linamkata kila mwezi? Nikimdai, nimelivunja Neno?

Mwana wa Neema

Pole sana mpendwa. Jibu liko wazi, Yesu alimwambia Petro asamehe saba mara sabini. Mwachie Mungu, usimdai, Mungu ana njia elfu za kukurudishia. Ukianza kudai utafungua mlango wa uchungu, na uchungu ukiota shina kuung'oa ni kazi. Nakuombea.

Mberoya

Mwana wa Neema, nakuheshimu, ila hapo umeanzia katikati ya sura. Saba mara sabini ni Mathayo 18:22. Panda mistari michache juu, usome wa 15, ni Yesu yuleyule na mazungumzo ni hayohayo: ndugu yako akikukosa, "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo". Hakusema kaa nalo moyoni mpaka lipoe. Walawi 19:17 nayo inaweka mambo mawili pamoja, usimchukie ndugu yako moyoni, na usiache kumkemea. Kwa maana hiyo anayenyamaza huku moyo unachemka hajasamehe, amehifadhi tu.

Dada, kuna jambo kwenye mfano wa mtumwa asiyesamehe, yule aliyesamehewa deni na mfalme kisha akakataa kumsamehe mwenzake, ambalo huwa tunalipita mbio. Wa kwanza alidaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama wale wa shamba la mizabibu kwenye Mathayo 20. Piga hesabu: siku milioni 60 za kazi. Hilo halilipiki hata ukoo mzima ukafanya kazi. Ila angalia deni la mwenzake: dinari 100. Tumezoea kuhubiriwa kwamba ni vijisenti. Si vijisenti! Ni siku 100 za jasho, zaidi ya miezi mitatu. Wewe umesema mishahara minne. Yesu alichagua deni linalokaribiana na la kwako, deni linalomnyima mtu usingizi, na hakulidharau. Na kosa la yule mtumwa hakulikuta katika kutaja deni, alilikuta katika kumkaba mwenzake koo na kukataa alipoombwa "nivumilie".

Kumuuliza kaka yako si kumkaba koo.

Mama Pacha

Mimi sina maneno mengi kama Mberoya. Nataka kuzungumzia mtoto tu.

Usimdanganye tena kwamba umechoka. Mwambie, "Mama ana mtu amemuumiza na bado anajifunza kumsamehe, ndiyo maana mstari huu unanikwama." Ataelewa kuliko unavyofikiri. Na kama bado huwezi kuusema, mwache autamke yeye kwa niaba yako, wewe itikia Amina. Mimi niliwahi kuvuka kipindi cha namna hiyo kwa Zaburi ya 55, ile anayosema kama angekuwa adui angevumilia, lakini ni wewe, rafiki niliyekujua sana. Niliisoma kwa sauti jikoni, mlango umefungwa. Sala ya hasira nayo ni sala, imo kwenye Biblia.

Karani wa Zamani

Nimefanya kazi ya mikopo miaka mingi, naomba nishike upande wa karatasi, maana naona wote mmekimbilia rohoni.

Mithali 6:1-5 inamsema mtu kama wewe kabisa, aliyejitia mtegoni kwa kumdhamini mwenzake. Haimwambii akae aombe. Inamwambia aende, asisinzie, ajiponye kama paa mkononi mwa mwindaji. Basi nenda kwa mkopeshaji wiki hii. Omba taarifa ya mkopo kwa maandishi: mtaji uliobaki ni kiasi gani, riba ni kiasi gani, na kama kuna faini za kuchelewa zilizojaa humo ndani. Faini ndizo huwa zinanenepesha deni kimyakimya, na mara nyingine mkopeshaji anakubali kuzipunguza ukienda ukazungumza naye ana kwa ana. Uliza kama muda unaweza kurefushwa ili makato yapungue. Tunza kila stakabadhi ya unachokatwa. Kwa kawaida mdhamini aliyelipa anabaki na haki ya kumdai aliyekopa, na bila ushahidi huo hata ninyi wawili mkikaa kwa amani mtabishana juu ya kiasi.

Na tafadhali, usimdhamini mtu mwingine kabla hili halijaisha. Hata mchungaji.

Dada Mkubwa wa Nyumba

Asanteni, nimesoma yote mara mbili. Mama Pacha, nimelia. Karani, kwa mkopeshaji nitakwenda, kweli sijawahi kuuliza habari za faini.

Ila Mberoya, ninachoogopa ni hiki. Nikienda akaniambia "sina", nitafanya nini? Afadhali kutojua.

Nilikimbia

Dada, ruhusu niseme, maana mimi nimekaa upande wa kaka yako.

Nilikuwa na deni la dada yangu. Jina lake likitokea kwenye simu tumbo linasokota. Nilikuwa naigeuza simu kifudifudi mezani, nangoja iache kutetemeka. Kwake ilionekana dharau. Wallahi haikuwa dharau, ilikuwa aibu. Kila siku najiambia nitampigia nikipata cha kushika mkononi, hata kama ni robo. Cha kushika hakikupatikana, wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kadiri nilivyokaa ndivyo simu hiyo ilivyozidi kuwa nzito. Msibani nisingeweza kukaa karibu naye hata kidogo.

Siku moja alinitumia ujumbe: "Leo sikuulizi pesa. Nakuuliza kama uko mzima." Nilikuwa nimesimama, nikakaa chini. Baadaye nilipokuwa nasoma Mwanzo 3 niliuelewa ule mstari wa 9 kwa namna nyingine. Adamu amejificha kati ya miti, Mungu anajua yote aliyofanya, lakini anaanza kwa kuuliza, "Uko wapi?" Habari ya tunda ilikuja baada ya hapo, na ilikuja kweli, haikuachwa.

Nilimlipa kidogo kidogo miaka mitatu. Sehemu ya mwisho aliniachia mwenyewe, akaniambia kwa mdomo wake kwamba imekwisha. Nakuomba ulishike hili, maana watu wanakwambia usamehe kimyakimya. Kama angenisamehe kimya nisingejua. Ningeendelea kujificha hadi leo.

Mwana wa Neema

Nilikimbia, umenigusa. Nafuta neno langu la "usimdai". Niliandika haraka, nikamtwika dada mzigo usio wake.

Mzee wa Jumapili

Naongeza kwenye swali lako dada, la "akisema sina".

Mtazame Yusufu. Tunapenda kumhubiri akiwakumbatia ndugu zake waliomuuza utumwani, lakini kukumbatia kuko Mwanzo sura ya 45. Kabla yake kuna sura tatu nzima ambazo hajajitambulisha. Anawahoji, anamfunga Simeoni, anaficha kikombe kwenye gunia la Benyamini, mdogo wao. Na katikati ya hayo, 42:24, anajitenga pembeni analia. Moyo wake ulikwisha kulainika, ila alitaka kwanza aone kama ni watu walewale. Alipouzwa alikuwa na miaka 17, walipokutana tena alikuwa kama wa 39. Kusamehe kunaweza kuanza leo. Kumwamini mtu tena kunachukua muda, na wala si dhambi.

Na ninyi mnaozungumza habari ya udhamini, mmemwona Yuda, mmoja wa ndugu hao? Ndiye aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu, vipande 20 vya fedha. Ndiye pia anayemwambia baba yake kwenye 43:9 kwamba yeye atakuwa dhamana ya Benyamini, na kwenye 44:33 anaomba abaki mtumwa badala ya kijana. Aliyemuuza ndugu yake akawa mdhamini wa ndugu yake. Hapo ndipo Yusufu aliposhindwa kujizuia. Kwa hiyo usimfungie kaka yako kwenye ukurasa wa biashara iliyokufa.

Akisema sina, usiombe fedha siku hiyo. Omba ukweli, kisha ahadi ndogo anayoiweza, iandikwe. Kuandika si ukosefu wa imani. Paulo alipolibeba deni la Onesimo, mtumwa wa Filemoni, aliandika kwa mkono wake mwenyewe, "mimi nitalipa", Filemoni 19. Kiasi kitakachobaki ukaona umwachie, mwachie, lakini kiwe kiasi unachokijua na umwambie. Ukisamehe deni usilolijua ukubwa wake, kila mwezi wa makato utakuwa unasamehe upya.

Mama Pacha

Mzee, hilo la mwisho nimelinakili kwenye daftari.

Dada Mkubwa wa Nyumba

Wapendwa, nimerudi baada ya siku tisa.

Kwa mkopeshaji nilikwenda. Faini zipo, si ndogo, wameniambia niandike barua ya kuomba ziondolewe. Nimeandika. Jibu bado.

Kaka nilimtumia ujumbe juzi usiku. Niliufuta mara nne. Mwisho nikaandika hivi: "Kaka, nina hasira na wewe na ninakukumbuka. Sikuitii ugomvi. Nataka tuonane tuzungumze habari ya mkopo, na nataka kujua uko mzima." Nilikaa na simu mpaka nikasinzia nayo. Alfajiri nikakuta maneno mawili, "Nije lini?"

Nimemwambia Jumamosi. Sijui atakuja au hatakuja, na sitawadanganya kwamba moyo umetulia. Sala ya usiku bado mtoto ndiye anayeusema ule mstari, mimi naitikia.

Swali moja la mwisho. Mama amesikia kwamba tunaonana, anataka awepo. Nia yake njema, lakini namjua, atalia na tutaishia kumbembeleza yeye. Nimruhusu?

Mberoya

Hapana. "Wewe na yeye peke yenu." Mashahidi wako mstari wa 16, na wanakuja asiposikia. Mwombe mama akae nyumbani kwake awaombee saa hiyohiyo, mwambie utampigia mkimaliza.

Nilikimbia

Na akichelewa Jumamosi, dada, mngoje kidogo. Mimi nilizunguka nyumba ya dada yangu mara mbili kabla ya kubisha hodi.