Mordan ya fedha au Eversharp ya dhahabu: nichukue ipi?

MwanaNgamiani
Habari za jioni wanajamvi. Babu yangu alikuwa karani wa shamba la mkonge huku Tanga, akaniachia kalamu ya risasi ya kuzungusha, ya shaba, haina urembo. Tangu hapo kalamu za namna hii zimeniteka, sina dawa. Sasa kuna mtu anauza mbili na uwezo wangu ni moja. Kuna Mordan ya fedha, fupi kama kidole cha mwisho, imenakshiwa maua mwili mzima na kileleni ina jiwe la zambarau. Nyingine ni Wahl Eversharp iliyovikwa dhahabu. Bei zinakaribiana.

MzeeRaskazone
Mwanangu, Mordan. Sampson Mordan na John Isaac Hawkins walipata hataza ya kalamu ya namna hii London mwaka 1822, na kiwanda kilipigwa bomu 1941. Beba lenzi usome mihuri iliyogongwa kwenye fedha: simba anayetembea maana yake fedha halisi ya Kiingereza, kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham. Ila ndogo nyingi zina jina tu, "S. Mordan & Co", kwa hiyo ukikosa simba usikimbilie kusema ni bandia.

DadaChumbageni
Shikamoo mzee. Hapo naomba tupishane. Ataiandikia au ataitazama? Risasi za Eversharp, milimita 1.18, bado zinauzwa. Za Mordan unene hutofautiana, unaweza kuhangaika mwaka mzima. Eversharp yangu naiandikia daftari la duka kila siku: nazungusha kofia, risasi inatoka, na ncha ina mifereji ndani inayoibana isicheze.

Mkwakwani77
Mmeisahau kalamu nyingine, Yard-O-Led. Inabeba risasi 12 za inchi 3, jumla yadi moja ya risasi, kwa Kiingereza "yard of lead", ndiyo asili ya jina.

FundiFedha
Kaka, hali ya kitu kwanza, jina baadaye. Hiyo Mordan, sukuma pete yake ya ubavuni. Ncha itoke taratibu, isikwame. Halafu nakuomba sana, usiing'arishe. Yangu nilimpa fundi mmoja, akaipitishia brashi ya mashine. Maua yote yalilala na herufi zikabaki kivuli. Hadi leo nikiishika roho inaniuma. Ule weusi ndani ya nakshi ndio unaolichora jani likaonekana. Kitambaa laini kinatosha. Wala usiifunge kwa mpira, salfa yake huitia fedha weusi.

MwanaNgamiani
Nimetoka huko sasa hivi. Pete inateleza vizuri. Simba sikumwona, lakini jina la Mordan linasomeka herufi kwa herufi, na kwenye jani moja unaona hadi mishipa yake. Nimeichukua, mzee, na haitaguswa na brashi. Ya kuandikia itakuwa ya babu, nimeipima risasi yake: 1.18. Dada, zako unanunua wapi?