Kanisa la Matendo ya Mitume na kanisa letu la leo: tupeane uzoefu

Mwana wa Mwanjelwa
Wakuu, habari za jioni. Jana baada ya ibada huku Mbeya tulikuwa na mnada wa sadaka za mazao kama kawaida. Bibi mmoja kaleta mayai sita kwenye bakuli la plastiki, kayafunika na jani la mgomba. Mnadishaji kaanzia mia tano, watu wakacheka, jamaa mmoja mwenye gari akapandisha mpaka elfu thelathini. Vigelegele, kinanda, mchungaji akasimama kumpa mkono. Tulipotawanyika nikamwona yule bibi anapandisha kwa miguu kwenda Iganzo na bakuli lake tupu. Gari la yule jamaa likampigia honi apishe.

Sikulala vizuri. Matendo 2:44: "Na wote walioamini walikuwa mahali pamoja, na kuwa na vitu vyote shirika." Naomba tupeane uzoefu bila matusi. Kanisani kwako kimebaki nini cha lile kanisa la kwanza, na kimepotea nini? Msitaje jina la kanisa wala la mtu.

Fundi Bati
Kilichopotea ni mimi. Toka 2019 sijakanyaga.

Eutiko wa Tukuyu
Kwetu kimebaki kile cha Matendo 20. Paulo kule Troa alihubiri mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia dirishani akadondoka kutoka orofa ya tatu. Sasa mimi mkesha wa mwaka mpya, mvua ya Tukuyu mnaijua, mhubiri wa nne anasema "namalizia" kwa mara ya sita, nikalala. Benchi likapinduka nikamwangukia mama wa sauti ya kwanza. Eutiko alikumbatiwa na Paulo mwenyewe. Mimi nilishikwa kola na mzee wa zamu nikatolewa nje, nikaambiwa nina pepo la usingizi. Kijiweni hilo jina halijatoka mpaka leo.

Mama Tunda
😂😂 Ndaga fijo (asante sana), nimecheka peke yangu hapa dukani.

Mhazini Mstaafu
Nimekuwa mhazini wa usharika mmoja huku Iringa miaka tisa, niseme upande ambao hamuusemi. Mnalalamikia michango, lakini mlinzi anataka chake kila mwisho wa mwezi, luku inataka yake, bati likichukuliwa na upepo halirudi kwa maombi. Mwinjilisti wa mtaa wa mbali kuna wakati alikaa miezi mitatu hajaona posho, analima bustani ya mtu apate unga. Na michango haikuanza na sisi. 1 Wakorintho 16, Paulo anawaambia siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Basi?

Kijana wa Soweto
Mzee shikamoo, lakini umesoma nusu. Ile pesa ilikuwa ya watakatifu wa Yerusalemu waliokuwa na shida. Jengo lipi? Walikutana majumbani. Kwa Prisila na Akila, kwa Nimfa kule Laodikia, kwa Filemoni. Na Paulo mwenyewe alishona mahema asiwalemee watu.

Mhazini Mstaafu
Marahaba. Basi Jumapili ijayo tunakuja kwako watu mia nne, umwambie mwenye nyumba wako.

Kijana wa Soweto
Si tukae hata chini ya mwembe.

Mhazini Mstaafu
Mbeya mjini mwembe utautoa wapi? Panda parachichi kwanza.

Bodaboda Mbalizi
Mimi niliuziwa mafuta ya upako elfu kumi nipake tangi la pikipiki ili isiibiwe. Nimepaka asubuhi, imeibiwa saa mbili usiku. Nimerudi kuuliza, naambiwa nilipaka bila imani. Nikauliza kama na mwizi alikuja kwa imani, nikafukuzwa. Simoni mchawi wa Samaria alipotaka kununua kipawa, Petro alimwambia "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Yangu ilipotelea karibu tu, hapo hapo Mbalizi.

Msomaji wa Isanga
Kuna maandiko ya Wakristo ya zamani sana yanaitwa Didake. Yanasema mtume mgeni akae siku moja, ikibidi mbili. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Na akiondoka asichukue kitu zaidi ya mkate, akiomba fedha ni wa uongo. Wa kwetu ana miaka sita na amejenga ghorofa.

Mtumishi Mdogo
Malizia na sehemu inayosema nabii wa kweli akitaka kukaa kwenu anastahili chakula chake. Mnapenda kukata maandiko kama nyama ya mnadani.

Msomaji wa Isanga
Chakula, mtumishi. Ghorofa hailiwi.

Mama Viazi Uyole
Nilikuwa nasoma tu nisiandike, ila hiyo habari ya bibi na mayai imenitonesha.

Mume wangu aliugua figo miaka miwili. Mwaka aliokuwa mzima alisimama mbele ya kanisa akaahidi laki moja na ishirini ya jengo, akatoa elfu thelathini na tano. Halafu ugonjwa. Tuliuza ng'ombe, tukauza viazi vikiwa bado shambani, nikabaki nalima vibarua vya watu. Kanisani nikawa naenda mimi tu, bahasha sina. Mara ya kwanza naulizwa kwa upole, mara ya pili kwa kutazamwa. Jumuiya ikaacha kupita kwetu kwa sababu ikipita lazima kuwe na sadaka ya nyumba, sijui walituonea huruma au walituona hasara.

Amefariki mwezi wa sita. Uyole mwezi wa sita baridi inakata. Mwili uko sebuleni, watu wameota moto nje. Saa nne asubuhi akaja mzee wa kanisa na daftari. Nalikumbuka lile daftari kuliko sura yake: jalada limevalishwa karatasi ya kalenda ya zamani, limefungwa na raba ya mpira wa ndani wa baiskeli. Alinawa, akala ugali na maharage ya msibani, akamaliza, akafuta mikono, ndipo akaniita pembeni. "Mama, marehemu ana elfu themanini na tano. Mchungaji hawezi kutoka bila hili kukaa sawa." Akanigeuzia ukurasa nione mwenyewe. Jina la mume wangu lilipigiwa mstari kwa peni nyekundu.

Sikulia. Nilimwita shemeji. Akakopa kwenye simu, akaenda kwa wakala kwa pikipiki, akarudi ameganda mikono. Mzee akaegemeza kitabu cha risiti kwenye kiti cha plastiki, peni ikagoma kutoa wino kwa baridi. Akawa anaipumulia, anachora duara pembeni mwa karatasi, anaipumulia tena. Sote tumesimama tunasubiri peni. Ilipoandika, akapiga simu, na mchungaji akaja ndani ya nusu saa. Kumbe alikuwa karibu. Alihubiri vizuri sana, siwezi kusema uongo.

Sasa walionizikia ni akina nani? Mama Mkatoliki wa nyumba ya chini alileta debe la mahindi. Jirani yangu Muislamu alileta gunia la mkaa akaosha sufuria siku zote. Mmoja Msabato alilala na mimi kwenye mkeka usiku saba, Jumamosi alikwenda kusali akarudi jioni. Hakuna aliyeniuliza kadi.

Mama Tunda
Dada yangu. Pole. Sina neno.

Fundi Bati
Mniulize tena kwa nini sijakanyaga toka 2019.

Mkandarasi
Taja kanisa. Watu kama hao waanikwe.

Mwana wa Mwanjelwa
Mkuu tulikubaliana. Dada usitaje.

Mkandarasi
Ndiyo maana hawaachi. Mnawafichia.

Mtumishi Mdogo
Upande wa pili hatujausikia. Inawezekana mzee alijituma mwenyewe bila mchungaji kujua.

Eutiko wa Tukuyu
Mtumishi, peni ilipoandika ndipo simu ikapigwa. Hapo upande wa pili unasubiri useme nini?

Mtumishi Mdogo
Nimesema inawezekana.

Mhazini Mstaafu
Nakubali kosa hapo, na hata mimi limeniuma. Niliwahi kubeba daftari kama hilo. Msibani sikuwahi kulibeba, lakini mtu akiumwa nilikuwa naenda nalo, najidai nimekuja kumjulia hali. Dada, pole.

Mzee wa Rungwe
Wanangu, salamu. Mimi ni Mmoraviani, kanisa letu lilifika Rungwe 1891. Nilipokuwa mtoto tulikuwa na karamu ya upendo, kila mtu chai na andazi, mwenye viatu na asiye navyo kwenye benchi moja. Walioanza kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727, walitaka kurudia kile cha Matendo, kumega mkate pamoja. Sasa kuhusu daftari. Kanisa la kwanza nalo lilikuwa nalo. Someni 1 Timotheo 5:9, Paulo akimwandikia Timotheo aliyekuwa Efeso, mjane asiandikwe isipokuwa amefika miaka sitini. Kuandikwa kule kulikuwa ili apate msaada. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, Matendo 6, waliwekwa watu saba kwa ajili ya jambo hilo moja, Stefano akiwa mmojawapo.

Mama Viazi Uyole
Baba shikamoo. Mimi nina 41. Kwa hiyo hata Efeso nisingeandikwa 😅

Mzee wa Rungwe
Marahaba mwanangu. Umenishika. Wenye umri wako Paulo aliwaambia waolewe.

Bodaboda Mbalizi
Nipo hapa Mbalizi, sina pikipiki ila nina imani.

Mama Tunda
We mtoto una adabu kweli? Mtu anasimulia msiba.

Mama Viazi Uyole
Mwache, nimecheka. Ni muda sijacheka kwenye habari hii.

Mlugaluga wa Kihesa
Mimi naona mnawapaka rangi hao watu wa kwanza. Anania na Safira waliuza kiwanja wakaficha sehemu ya bei, wakaanguka wakafa. Petro na Paulo walikorofishana Antiokia mbele za watu, kisa kula na watu wa Mataifa. Na Korintho kwenye chakula cha Bwana "huyu ana njaa, na huyu amelewa." Hiyo si ni Iringa msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi? Yakobo naye analalamika tajiri mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti, maskini anaambiwa kaa chini. Yule jamaa wa mayai alikuwepo toka zamani, alikosa honi tu.

Kijana wa Soweto
Tofauti ni kwamba wao waliandikiwa barua wakakemewa. Wetu wanapewa kiti cha mbele.

Mlugaluga wa Kihesa
Barua hiyo mwandikie wewe basi.

Mkandarasi
Ushauri kwa dada: hama hilo kanisa.

Mhazini Mstaafu
Asihame. Aende kwa uongozi wa juu na risiti mkononi.

Fundi Bati
Uongozi wa juu una daftari kubwa zaidi. Jiunge kikundi cha kuzikana mtaani, mambo yaishe.

Eutiko wa Tukuyu
Na usiahidi mbele ya watu. Toa ulichonacho, kaa. Ukiahidi, ahidi kimoyomoyo, Mungu hana peni nyekundu.

Mama Viazi Uyole
Nimeshahamia kwa wale wanawake watatu. Hatuna jina. Jumatatu moja tunapalilia kwangu, inayofuata kwa mwingine, tunachanga elfu mbili mbili. Siku ya kusali kila mtu anakwenda kwake. Mimi bado naenda palepale, nakaa nyuma.

Mama Tunda
Viazi gunia bei gani sasa hivi dada?

Mama Viazi Uyole
Njoo pembeni nikupe namba.

Mwana wa Mwanjelwa
Nimeulizia, yule bibi wa mayai nimejua anakoishi. Nimpelekee nini?

Kijana wa Soweto
Trei la mayai.

Mama Tunda
Mayai anayo, ndiyo aliyotoa. Mpelekee sukari, sabuni na unga.

Mtumishi Mdogo
Na umwombee.

Bodaboda Mbalizi
Jumapili mlipie pikipiki imrudishe nyumbani.

Mwana wa Mwanjelwa
Mwanjelwa mpaka Iganzo wanachukua ngapi siku hizi?

Bodaboda Mbalizi
Buku. Mvua ikinyesha buku jero.