Eti “hii ni ya simu?” Mbele ya watu wote!

Wakuu, naandika nikiwa kwa matatu na mikono inatetemeka, kwa hivyo makosa mtanisamehe. Nimetoka kwa kikao cha klabu yetu ya wapiga picha sasa hivi. Yule jamaa. Mnamjua. Yule wa koti la mifuko kumi na saba, kila mfuko una kifuniko cha lenzi ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Leo kila mtu alikuwa alete picha moja aeleze ameipigaje. Mimi nilileta nganya ya Rongai, zile matatu za michoro na muziki, ikipinda barabara ya Haile Selassie hapa Nairobi saa kumi na mbili jioni. Siku nne nimesimama pale! Moshi niliovuta unatosha kukausha gunia la samaki wa Gikomba. Na mwanga wenyewe mnaujua, hapa kwetu jua halizami, linaanguka. Shata, ule muda kamera inabaki wazi, sekunde 1/30, ISO, wepesi wake wa kunasa mwanga, 100, unalifuata gari kwa kiuno, si kwa mikono, mpaka konda wa mlangoni atulie na ukuta wa nyuma ugeuke mistari.

Picha ikawekwa ukutani. Kimya. Nikajua leo nimewamaliza. Ndipo akakohoa, akavua miwani, akauliza: “Hii ni ya simu?”

HII NI YA SIMU?

Kamera nimeinunua kwa mkopo wa chama, deni atamalizia mjukuu. Na hamkuona vile aliinamisha kichwa, kama daktari ameshika eksirei ya marehemu. “Hii ni ya simu?” Mama wa chai akacheka. Yule mama hata si mwanachama!

Sasa sikieni. Kikao kimeisha, ananifuata kwa ngazi, sauti chini: “Shata uliweka ngapi?” Si ni ya simu, mzee?

Kivuli_Umoja: Pole sana ndugu. Lakini kwani ulipiga na nini?

Mwenye uzi: Umesoma kweli?

Kivuli_Umoja: Nimefika kwa samaki.

MamaTripodi: Huyo namjua. Mimi nilileta picha ya mvua, akanipa kitambaa nipanguse lenzi.

Konda_Mstaafu: Weka hiyo picha tuamue.

Mwenye uzi: Hiyo hapo. Semeni.

Konda_Mstaafu: Mmh.

Kivuli_Umoja: Buda, hiyo ni ya simu.

Nusu_Kivuli: Ni simu gani? Nataka kununua.

MamaTripodi: Afadhali nganya jamani. Oktoba ikifika hiyo klabu ni mijakaranda tu, zambarau mpaka macho yanauma. Mti mmoja nimeuona mara kumi na moja, tawi kwa tawi.

Nusu_Kivuli: Na simba mbele, maghorofa ya mjini nyuma. Yule simba wa mbugani anafaa kulipwa mshahara na marupurupu.

Jicho_Moja: Nyinyi mnacheza. Mimi jana nimefukuzwa na askari wa jengo moja pale mjini. Ukiwa na simu unapiga picha hadi kuche, hakuna anayekuuliza. Fungua tripodi tu, ghafla wewe ni gaidi, “kibali kiko wapi?”

Kivuli_Umoja: Si ungetumia ile simu ya mwenye uzi.

Fundi_wa_Harusi: Askari ni nini? Nimepiga harusi Kitengela tangu alfajiri, bwana harusi akaniambia nimngoje atoke fungate ndio anilipe.

Jicho_Moja: Ametoka?

Fundi_wa_Harusi: Wana mtoto wa pili.

Mwenye uzi: Jamani tunaweza kurudi kwa hoja? Mbele ya mama wa chai! Mpaka akamwaga chai akicheka!

Konda_Mstaafu: Huyo mama ana mandazi pia ama ni chai peke yake?

MamaTripodi: Anayo. Ya iliki. Fika mapema, saa tisa yameisha.

Konda_Mstaafu: Kikao kijacho ni lini?

Fundi_wa_Harusi: Na yeye analipwa siku hiyo hiyo?