Huyu mkerezaji mnayemjua wote: beringi ya milimita 40 imeteleza yenyewe mpaka mguuni kwangu!

Kidole Gumba (mleta uzi)

Wakuu, naandika huku kidole gumba cha mguu kimevimba. Nikikosea herufi mnisamehe, ingawa siandiki kwa miguu.

Sitaji jina. Mnamjua. Yule ambaye miwani ya kazi imekaa kichwani mwaka mzima kama taji huku macho yakijitegemea. Yule ambaye ukimuuliza kipimo anafumba jicho moja.

Nilimpelekea shafti ya pampu na mchoro. Mchoro wenyewe una jambo moja tu la maana: sehemu ya kukalia beringi, kipenyo 40k6. Nikajua nacheza na nani, nikamwandikia na pembeni kwa wino mwekundu: isipungue milimita 40.002, isizidi 40.018. Hapo hata asiyejua k6 ni mnyama gani ananakili tu.

Leo nimeenda kuchukua. Shafti inang'aa, unaweza kunyolea ndevu. Nikatoa beringi mpya, bado ina mafuta ya kiwandani. Akaipokea, akaiweka mdomoni mwa shafti, AKAINAMISHA. Basi. Hakusukuma, hakugonga, hakupasha moto, hata pumzi hakuipuliza. Beringi ikateremka yenyewe kama mtoto kwenye rundo la mchanga mpaka begani, pale shafti inaponenepa. Ting. Nikadhani naota. Akainamisha upande wa pili ili nifurahi zaidi, ikarudi mbio, ikatoka, ikatua kwenye kidole changu.

Halafu, wakuu, kaeni chini kwanza, akaniangalia akasema: "Si imeingia?"

SI IMEINGIA?

Nimepima. 39.93. Mikroni 70, yaani sehemu 70 za elfu za milimita, chini ya arobaini kamili! Humo ndani unapitisha unywele na bado beringi inapumua. Nikamwambia hii imelegea. Akacheka, akavuta senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kutia alama, na nyundo, akaanza kuitoboatoboa shafti yangu iliyong'aa, tuk tuk tuk, eti "inavimba kidogo, itakaza". Shafti sasa ina uso wa mtu aliyepona tetekuwanga.

Ila hilo nalimeza. Kuinamisha ndiko siwezi kumeza. Angalau angesukuma kwa kidole ningebaki na heshima.

---

Jino la Gia

Nimevuta kiti. Endeleeni.

---

Nati Kavu

Uzi bila picha ni umbea. Weka ya shafti, ya kidole baki nayo.

---

Bi Venia

Huyo huyo alinikerezea bushi, kile kibomba kifupi cha kuvisha tunduni. Nikamwambia ikae kwa mkazo, iingie kwa presi. Akaniletea mbili, moja inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita, nyingine haiingii hata kwa laana. Akasema nichague.

---

Mzee wa Jedwali

Pole mkuu. Niwasaidie wanaopita. Kwenye ISO 286, kiwango cha kimataifa cha vipimo, herufi inakuambia eneo la kipimo liko wapi ukilinganisha na kipenyo cha jina, yaani ile 40, na namba inakuambia eneo hilo lina upana gani. Herufi ndogo ni ya shafti, kubwa ni ya tundu. Kwa hiyo 40k6 iko juu kidogo ya arobaini, kati ya mikroni 2 na 18. Tundu la 40H7 linaanza sifuri kamili linapanda hadi 25. Beringi ya kawaida ya 40 tundu lake linaanza sifuri na kushuka hadi 12 chini. Ndiyo maana kwenye k6 ni lazima ikaze, hata bahati ikiwa mbaya kabisa. Na pete ya ndani inayozunguka na shafti ikilegea haikai kimya. Mzigo unaipeleka kama bangili kubwa kwenye mkono mwembamba, kila mzunguko inajiburuta kidogo. Inasaga shafti, unaanza kuona unga mwekundu kama kutu, na

---

Nati Kavu

Mwalimu, kengele imelia.

---

Mzee wa Jedwali

Sijamaliza.

---

Jino la Gia

Nani amemaliza uzi huu? Kwa faida ya mleta mada lakini, zile tobo za senta panchi zinainua vichomozo vidogo tu. Beringi inakalia vile vichwa, siku chache vinasagika, unarudi palepale, ila sasa shafti ina tetekuwanga.

---

Kidole Gumba

Nilimwambia hivyo hivyo! Akaniambia "ukitaka mikroni katengeneze ndege". Mimi nina pampu. Pampu nayo ina haki zake.

Na bado naiona ile beringi ikiteremka. Polepole. Kama inaniaga.

---

Fundi Makini 40 (amejiunga leo)

Mnamsema mtu bila kusikia upande wa pili. Mteja mwenyewe msumbufu. Analeta mchoro umeandikwa 40k6, mtu mwenye akili anaelewa kipenyo arobaini, vipande sita. Fundi alishakata vyuma sita, kapata hasara. Halafu shafti ikilegea si ndiyo rahisi kufungua siku ya matengenezo? Na huyo asilie kidole, nani alimtuma aingie karakana na ndala?

---

Bi Venia

Ndala?

---

Jino la Gia

Ngoja kwanza. Ndala kazitaja nani kwenye huu uzi? Nimerudia kusoma mara mbili.

---

Nati Kavu

VIPANDE SITA. Nimeanguka kwenye kiti. Kwa hiyo angepewa 40h11 angekereza kumi na moja?

---

Kidole Gumba

Kwanza ni WEWE! Pili, vile vitano vingine viko wapi? Vyote vina 39.93?

---

Fundi Makini 40

Mimi ni mpita njia tu. Viko nyuma ya mlango.

---

Mzee wa Jedwali

Kama vyote vitano ni 39.93 tumheshimu. Hiyo ni mashine inayorudia kipimo vizuri, imekosea tu mahali pa kulenga. Angekuwa na 39.93, 40.05 na 39.98, hapo ndipo ningelia na nyinyi.

---

Bi Venia

Mzee unamtetea sasa?

---

Chuma Moto

Mimi naona mnampiga bure, tatizo si mkono, ni haraka. Wengi wanapima kipande bado kina moto wa mashine. Chuma cha 40 kikiwa nyuzi 60, kimezidi kile cha nyuzi 20 kwa mikroni kama 18. Na vipimo vyote vya michoro vinahesabiwa kwenye nyuzi 20, dunia imekubaliana hivyo tangu 1931. Upana wote wa k6 hapo ni 16! Yaani unapima unaona umefika juu kabisa, unakwenda kunywa maji, ukirudi umeingia shimoni. Kwangu kuna kijana anatema mate kwenye shafti, yasipochemka anasema imepoa.

---

Nati Kavu

18 siyo 70 mkuu. Kufikia hizo kwa joto peke yake angepima shafti ikiwa na moto wa mafuta ya kukaangia maandazi.

---

Chuma Moto

Humjui huyo bwana.

---

Kalamu ya Mchoraji

Samahani, mimi niko upande wa wachoraji na naona leo mafundi mmejisahau. Nimeletewa vifuniko ishirini, nimeandika tundu la kupitishia boliti kipenyo 11, kwa boliti ya 10. Limekuja na 10.1! Nikauliza kwa nini. Jibu: "tumelibana ili iwe kazi nzuri." Nani kawaomba uzuri? Ule uwazi niliuacha makusudi ili mashimo manne yakipishana kidogo boliti bado zipite. Sasa boliti mbili zinaingia, ya tatu inahitaji maombi.

---

Jino la Gia

Wachoraji nanyi nyamazeni kidogo. Nimewahi kupewa mchoro wa kishikio cha mlango wa mashine, kishikio, kitu cha kushika kwa mkono wenye glavu, kimeandikwa jumlisha au toa mikroni 10 kila upande. Kila. Upande. Nikampigia simu mchoraji kuuliza kwa nini, akasema kompyuta ndiyo iliweka. Nikamwambia basi na kompyuta ndiyo ikereze.

---

Kalamu ya Mchoraji

Hiyo ni ya mtu mmoja.

---

Jino la Gia

Mnamjua. Sitaji jina.

---

Bi Venia

Na wale wa kupanga vipimo mnyororo je? Vipande vitano vimepangwa, kila kimoja jumlisha au toa 0.1, halafu anashangaa mwisho wa mstari kumezidi nusu milimita. Hesabu ya kujumlisha tu, wala si ya chuo.

---

Mama Zinki

Nyote mna nafuu. Mimi nakaa mwisho wa foleni, kwenye kuvisha zinki. Skrubu zinakuja zimekatwa mpaka ukingoni, hazina nafasi hata ya vumbi, halafu wanataka nivishe mikroni 10. Kwenye jino la skrubu lenye pembe ya nyuzi 60 kipenyo cha katikati ya jino hakiongezeki 10 wala 20, kinaongezeka mara nne, 40! Nati haiingii. Nani anapigiwa kelele? Mimi. Jana mtu kanirushia nati. Ile haikuteleza peke yake kama ya mleta uzi, ilirushwa.

---

Nati Kavu

Naipinga kauli hiyo. Nati haina kosa lolote.

---

Kidole Gumba

Poleni wote, lakini tulikuwa kwenye kuinamisha. Hakuna aliyeelewa. Aliinamisha kwa VIDOLE VIWILI. Kile kidogo alikiinua pembeni kama anakunywa chai na mabalozi.

---

Chuma Moto

Mkuu umeshasema.

---

Kidole Gumba

Na nitasema tena. Beringi inayokaa sawasawa naijua. Unaipasha, haifiki hata nyuzi 120, tundu linafunguka mikroni thelathini na kitu, unaidondosha haraka mpaka begani, unaishikilia, na ikipoa inashika. Tk. Ile sauti ukiisikia unalala usingizi mzito. Leo nimesikia ting.

---

Mzee wa Jedwali

Kwa kuokoa kazi: ikatwe pale mahali, ijazwe kwa kulehemu au ivishwe mkono wa chuma kwa mkazo, kisha ikerezwe upya. Kuna na gundi ya kushikilia beringi, lakini usiitegemee kwa mzigo mzito. Na makopo yaliyokatwa kuwekwa katikati HAPANA.

---

Fundi Makini 40

Kopo linafanya kazi vizuri sana.

---

Bi Venia

Jamani mtu aifunge hiyo akaunti.

---

Jino la Gia

Tukirudi kwenye vipimo, mimi nadhani nusu ya huu ugomvi ni vifaa. Watu wanapima k6 kwa venia, ile rula yenye taya za kuteleza. Venia ya 0.02 nyumbani kwake ni kwenye mabomba. Kwa k6 chukua maikromita.

---

Chuma Moto

Wewe unayo? Mimi yangu ilitumika kukazia vipande viwili wakati wa kulehemu. Nimeikuta inashikilia bamba kama klampu. Fremu imepinda, sifuri iko kwenye 0.04. Aliyefanya hivyo ananisalimia kila asubuhi.

---

Bi Venia

Wanaoazima vifaa! Wakuu hapo mmegusa kidonda. Maikromita zinaondoka kwenye sanduku zikiwa bikira zinarudi zina watoto.

---

Nati Kavu

Mimi natafuta venia yangu wiki ya pili. Ndefu, imechakaa kidogo mdomo wa nje, mtu kaiazima kwa "dakika mbili".

---

Mama Zinki

Dakika mbili za wapi hizo, kila mtu anazijua.

---

Kalamu ya Mchoraji

Nati Kavu, hiyo venia ina alama yoyote? Mimi nimepewa moja na mtu wa zamu ya usiku akasema haina mwenyewe.

---

Nati Kavu

Ina mkwaruzo kwenye 30. Na skrubu ya kufungia siyo yake, nimeweka ya redio.

---

Kalamu ya Mchoraji

Skrubu ya rangi ya shaba?

---

Nati Kavu

Ndiyo.

---

Kalamu ya Mchoraji

Kwa hiyo tunafanya kazi jengo moja.

---

Nati Kavu

Wewe ndiye wa vile vifuniko ishirini?! Vya tundu la 11? Vilivyokuja kwangu vikiwa havina hata namba ya mchoro?

---

Kalamu ya Mchoraji

Ni wewe uliyebana?

---

Nati Kavu

Nilibana kwa sababu sikuwa na venia! Uko ghorofa gani?

---

Kalamu ya Mchoraji

Niko likizo.

---

Jino la Gia

Meza yake ni ile karibu na dirisha, nimemuona anaandika sasa hivi.