Naomba ushauri: dawa za moyo za baba na maumivu ya mapaja

Shikamooni wakubwa, na habari zenu ndugu zangu. Baba yangu ana miaka 67, yupo Chamwino. Ana miezi miwili tangu awekewe stenti (kijibomba cha kuuweka mshipa wazi) kwenye mshipa wa moyo. Anameza klopidogreli 75 mg na aspirini 75 mg ili damu isigande, na atovastatini 40 mg usiku kwa ajili ya lehemu.

Wiki ya tatu sasa mapaja yanamuuma sana. Akichuchumaa kupalilia zabibu, kuinuka ni mpaka ashikwe mkono. Homa hana, mkojo haujawa wa kahawia (namuuliza kila asubuhi, maana hiyo ni dalili ya misuli kuharibika). Kiungulia kilipomzidi alijinunulia omeprazoli. Mfamasia akaniambia inapunguza nguvu ya klopidogreli, nikamwachisha omeprazoli tu. Nyingine hajaruka hata siku moja, stenti ikiziba ni hatari.

Kliniki bado wiki tatu. Je, maumivu haya yanatokana na atovastatini peke yake, au na kuchanganywa na klopidogreli? Na kiungulia kikirudi, kuna dawa gani iliyo salama zaidi ambayo naweza kumwulizia daktari?