Tupeane uzoefu: tele ilikudanganya nini?

Lavanyeusi (Goma): Bandugu, jana mtoto wangu wa miaka sita ameniuliza, kwa Kifaransa cha katuni, kwa nini paa yetu haina theluji kama za wenzake. Wenzake gani? Nikakumbuka mambo mingi. Redio, tele, video, vyote vinaingia kwetu bila jeton (karatasi ya kuvuka mpaka), bila kupanga mstari kwa Petite Barrière, pale mpaka na Rwanda. Kuelewana na wenye navyo njo shida. Kila mtu atoe yake.

Sanifu_Daima: Ni "jana aliniuliza" na "mambo mengi". Kabla ya kuwalaumu wageni tuelewane sisi kwanza.

MtotoWaBirere: Lavanyeusi umetonesha kidonda. Miaka ya tisini, Birere, mtaa wa hapa Goma, tulikuwa tunalipa kuingia sale ya video. Tunakalia mbao, jenereta inanguruma nje, filamu ni za Kihindi, tafsiri hakuna. Yaya mmoja (mkubwa wetu) alikuwa anasimama pembeni ya tele anatufasiria. Kumbe Kihindi hajui hata neno! Alikuwa anatunga tu, na sisi tunalia machozi ya kweli. Yeye njo alitufundisha kwamba "chup" ni neno la heshima kubwa, maana likisemwa watu wote wanatulia.

2008 nikapata kazi kwa duka la Muhindi mmoja. Siku ya tatu baba yake amefika toka India. Bosi akanituma maji. Nikaleta gilasi kwa mikono miwili, nikainama, nikasema: "Chup, chup." Mzee akabaki na gilasi hewani. Bosi ananitazama kama vile ng'ombe ameongea. Nikadhani hawajasikia, nikarudia kwa nguvu!

Ni "nyamaza", bandugu. Nimemwambia baba ya bosi anyamaze mara nne, nikiwa nimeinama. Nikijieleza kwa Kiswahili, mzee haelewi. Bosi anaelewa lakini hataki. Jioni nikarudi nyumbani na mshahara wa siku tatu. Yule yaya leo anauza makala (mkaa) kule Virunga, hapa Goma. Sijamusamehe.

Kadutu_Bkv: Mara nneeee 😂😂 nimekufa

KokoWaKenya (Lubumbashi): Kenya ni commune yetu hapa L'shi, musianze. Koko yangu, mzazi wa wazazi wangu, alikuwa anasikiliza redio za ng'ambo kila jioni. Siku moja ikasemwa marais wanafanya mkutano wa kilele. Koko akashangaa: wazee kama wale wamepandishwa mlima gani?

Sanifu_Daima: "Kilele" hapo ni cheo cha mkutano. Kiswahili sanifu hakina kosa.

KokoWaKenya (Lubumbashi): Prof, BBC inatangaza Kiswahili tangu 1957 na koko alizaliwa kabla yake. Nani alipaswa kujifunza kwa nani?

Kadutu_Bkv: Redio Okapi ilipoanza 2002 ikasoma habari kwa Kiswahili chenye tunasikia, mama akasema sasa vita inaeleweka. Sijui kama ilikuwa sifa.

Sanifu_Daima: "Ambacho tunakisikia".

Majengo21: Nyinyi munacheka. 22/5/2021 jioni, volkano Nyiragongo imelipuka, mbingu nyekundu, mimi na mama tumekwisha funga mizigo. Yaya yangu aliye Ubelgiji anapiga simu analia: ameona video, lava iko katikati ya mji, majumba yanaungua. Mdogo wetu alikuwa ametangulia upande wa Gisenyi, kule Rwanda. Mama akasema njia ya mji imekwisha, twende Sake. Kwa mguu, usiku, zaidi ya kilomita 20, mama ana sukari. Siku tatu hatujui mdogo yuko wapi, simu zimezima, na yaya kule anaendelea kulia. Baadaye nikaiona ile video. Ni moto wa 2002! Lava ya 2021 ilisimama Buhene, pembeni ya mji. Mtu wa Ulaya alitufukuza na picha za miaka 19.

Lavanyeusi (Goma): Pole sana, ndugu. Mama je?

Majengo21: Yuko. Kidonda cha mguu kilichukua miezi. Yaya hajawahi kuambiwa.

Kadutu_Bkv: Umuambie.

KokoWaKenya (Lubumbashi): Usimuambie hata siku moja.

Ngoma_ya_Kivu: Sisi 2017 tumealikwa Ufaransa kucheza. Walitupenda kwa video. Visa inaombwa Kinshasa, barabara ya kutufikisha huko hakuna, ni ndege, zaidi ya kilomita 1,500. Tukauza ngoma mbili tupate tikiti za watu wawili kati ya nane. Wakakataliwa. Wenyeji wetu wakaionyesha ile video kwa ukuta, watu wakapiga makofi. Wametutumia picha ya makofi.

Lavanyeusi (Goma): Mulinunua zile ngoma tena?

Ngoma_ya_Kivu: Moja.

Kadutu_Bkv: Dawa ni kuzima tele. Mama yangu anafuata tamthilia za Kifaransa, hajui Kifaransa, watoto wanamfasiria wakiruka mahali pa kubusiana. Anaamini wale watu wote ni ndugu.

Sanifu_Daima: Dawa ni kamusi.

MakalaVirunga: Mutoto wa Birere, nimesoma yote. Wewe njo ulikuwa unalia kushinda wote, na mara mbili uliingia bure. Nani anadai nani?