Bushi za chasisi Land Rover 109: kifaa gani kinazitoa?

Mwenye109, Arusha: Wakuu, Series III yangu ya 1978, bushi za chasisi (vipande vya mpira na chuma vinavyoshika springi kwenye chasisi) za springi za nyuma zimegoma kutoka. Fundi anataka kuchoma kwa gesi, na tanki la mafuta liko huko huko nyuma. Kuna kifaa maalumu?

FundiMstaafu: Gesi weka mbali, kijana. Bushi ina mikono miwili ya chuma, yaani mirija, mmoja ndani ya mwingine, mpira katikati. Wa nje ndio ulioshikana na chasisi kwa kutu, kwa hiyo nyundo itakuchosha bure. Toboa mpira kwa drili kuzunguka mpaka mkono wa ndani udondoke. Pitisha wembe wa msumeno wa chuma, kata mkono wa nje kwa urefu, polepole, usile chasisi. Kisha tindo, uukunje kwa ndani.

Kuingiza mpya ndipo kifaa kinapotakiwa, nacho unajitengenezea: nondo ya hesi (yenye nyuzi za kufungia nati), nati mbili, washa nene (kisahani cha chuma chenye tundu), na kipande cha bomba kipana kidogo kuliko bushi, upande wa pili. Ukikaza nati, bushi inavutwa ndani. Washa ikae kwenye mkono wa nje. Ukisukuma wa ndani unachana mpira. Hizo seti za madukani ni hivyo hivyo, zimepakwa rangi tu.

Mwenye109: Bomba nitachongesha wapi?

Kipisi_Dar: Mtaa wa Gerezani, huku Dar, wapo wachongaji, nenda na bushi yenyewe mkononi.

FundiMstaafu: Na bolti za springi usizikaze gari likiwa kwenye jeki! Lishushe kwanza likae kwa uzito wake, la sivyo mpira unabaki umejisokota na kupasuka mapema.